Sabini kwa Sabini Si Lazima Iwe Ekari

Ukifika Sumbawanga katika miezi ambayo watu wanatafuta mashamba ya kukodi, hukai sana kabla hujasikia maneno haya: "sabini kwa sabini". Yanasikika Laela na Mpui, yanasikika Matai na Namanyere, na kwa kweli yanasikika karibu kila mahali nchini ambako shamba hupimwa kwa miguu. Mwenye shamba anatembea hatua 70, anakata kona. Anatembea 70 nyingine, anakata kona tena. Akimaliza upande wa nne amerudi pale alipoanzia. Fedha zinahesabiwa, mikono inashikwa, na ekari moja imepata mtu wa kuilima.

Hesabu yenyewe haina ubaya. Ekari tuliyoachiwa na Waingereza ni yadi za mraba 4,840. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi moja, na 70 mara 70 ni 4,900. Tofauti ni 60 tu, ambayo haimtoi mtu jasho. Aliyeanzisha kipimo cha hatua 70 hakuwa mjinga hata kidogo. Mwenye kukosea ni yule anayetumia utepe wa meta 70 badala ya hatua, kwa sababu yeye anapata meta za mraba 4,900, wakati ekari ni kama meta za mraba 4,047 tu.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, makubaliano hayo yana tundu. Yametaja pande, hayakutaja pembe. Wamekubaliana kwamba shamba lina pande nne na kila upande ni hatua 70. Hakuna aliyesema kona zikae vipi. Na umbo lenye pande nne zilizo sawa, bila neno lolote juu ya pembe zake, lina jina lake katika hisabati. Linaitwa rombasi. Wiki hii tuzungumze habari za umbo hilo, ndugu zake, na historia yake, maana ni historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na mkulima wa Ufipa yumo ndani yake.

Tuanze na kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho. Chukua njiti nne za kiberiti, uzipange mezani ziwe mraba, kila kichwa kikigusa mkia wa njiti ya pili. Sasa sukuma kona moja kidogo kidogo kuelekea kona inayotazamana nayo, njiti zisiachane. Mraba unalala. Pembe mbili zinabanwa, mbili zinapanuka. Endelea kusukuma, nafasi ya katikati inazidi kupungua mpaka njiti zinalaliana mbili mbili na katikati hakuna kitu. Je, njiti zimepungua urefu? Hazikupungua hata unywele. Mzunguko wa umbo ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichopotea ni eneo.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la rombasi: pande nne sawa hazitoshi kukuambia ukubwa wa kilichomo ndani. Zinakuambia mpaka wa juu tu. Kati ya rombasi zote zenye upande wa hatua 70, iliyo kubwa kuliko zote ni ile iliyosimama wima kwenye pembe zake, yaani mraba. Nyingine zote ni pungufu, kila moja kwa kadiri ilivyolala. Pembe ya kona ikibanwa mpaka digrii 60, eneo linashuka kutoka 4,900 hadi kama 4,240. Ikibanwa mpaka digrii 30, eneo ni 2,450, yaani nusu kamili. Shamba limetembelewa hatua 280 kuzunguka, sawasawa na makubaliano, na nusu yake haipo.

Sasa tuwajue ndugu wa rombasi, maana katika maumbo, kama katika ukoo, mtu hujulikana kwa jamaa zake. Babu wa mlango huu anaitwa msambamba. Huyu ni umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana zinakwenda sambamba, kama reli mbili zinazokatwa na reli nyingine mbili. Msambamba una watoto wawili. Wa kwanza ni mstatili: msambamba ambao pembe zake zote ni pembe mraba. Wa pili ni rombasi: msambamba ambao pande zake zote ni sawa. Mstatili umeshika pembe, pande ukaziachia huru. Rombasi imeshika pande, pembe ikaziachia huru. Mraba ndio ulioshika vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila mraba ni mstatili, na kila mraba ni rombasi pia, ila si kila rombasi ni mraba. Ni sawa na kusema kila aliyezaliwa Sumbawanga amezaliwa Tanzania, lakini si kila aliyezaliwa Tanzania amezaliwa Sumbawanga.

Tofauti ya ndugu hawa inaonekana vizuri zaidi ukichora mishazari. Mshazari ni mstari unaotoka kona moja kwenda kona inayotazamana nayo, na kila umbo la pande nne lina mishazari miwili. Katika msambamba wowote, mishazari hukatana katikati, kila mmoja ukigawanywa nusu kwa nusu. Katika mstatili, mishazari huwa na urefu sawa. Katika rombasi, mishazari hukatana kwa pembe mraba, kama msalaba ulionyooka, hata kama mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi. Katika mraba, yote mawili ni kweli: ni sawa kwa urefu na inakatana kwa pembe mraba. Hata kishada wanachorusha watoto kina mishazari ya kukatana hivyo, na rombasi ni kishada ambacho pande zake zote zimelingana. Tuyashike haya, maana tutayahitaji shambani.

Wala rombasi si umbo la kulaumiwa. Wauza kashata hukata sinia kwa mistari ya mwinamo, na mistari ikiachana kwa upana ule ule pande zote mbili, kila kipande kinachotoka ni rombasi. Milango ya chuma ya kukunja iliyozoeleka kwenye maduka ya mjini hujikunja kwa sababu imeundwa kwa rombasi nyingi zilizoshikana. Jeki ya gari ya aina ya mkasi ni rombasi ya vyuma vinne: skrubu inavuta kona mbili za pembeni, na kwa kuwa mishazari imekatana kwa pembe mraba, kona ya juu inapanda wima na gari linanyanyuka. Katika vyombo hivyo kulegea kwa pembe ndiyo faida. Katika mlango wa mbao ni hasara, na ndiyo maana seremala hupigilia ubao wa mshazari, asije akaunda mlango wa mraba leo, mwakani ukawa rombasi inayoburuza chini. Mashamba nayo, kama milango, hayataki kulegea.

Suala hili la pande na eneo ni la kale mno. Twende Misri ya kusini, mji wa Edfu, penye hekalu la Horus. Hekalu hilo lilianza kujengwa mwaka 237 K.K. na kumalizika mwaka 57 K.K. Katika kuta zake imechongwa orodha ya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu, pamoja na urefu wa pande za kila shamba na eneo lake. Wanahistoria wa hisabati walipozipitia hesabu zile waligundua kanuni iliyotumika. Mwandishi alichukua pande mbili zinazotazamana, akatafuta wastani wake. Akachukua pande mbili nyingine, akatafuta wastani wake. Kisha akazidisha wastani kwa wastani. Hakuna pembe hata moja iliyopimwa.

Kanuni hiyo inatoa jibu sahihi kwa mstatili na kwa mraba. Kwa umbo lingine lolote la pande nne inatoa jibu lililozidi ukweli. Jaribu rombasi ya upande wa hatua 70, ilale vyovyote: wastani ni 70, wastani wa pili ni 70, jibu ni 4,900. Ndugu msikilizaji, hiyo ni "sabini kwa sabini" yenyewe, imechongwa kwenye jiwe zaidi ya miaka 2,000 kabla yetu. Na faida ya kosa la namna hiyo inajulikana inakwenda wapi. Popote penye kodi inayotozwa kwa ukubwa wa shamba, eneo lililokuzwa kwenye daftari humwangukia mlipaji.

Katika Misri hiyo hiyo, mji wa Alexandria, karibu mwaka 300 K.K., alifundisha Euclid, aliyeandika vitabu 13 vya misingi ya hisabati vilivyosomwa duniani kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza alitoa maana ya maumbo ya pande nne. Mraba, alisema, una pande sawa na pembe mraba. Rombasi ina pande sawa, lakini pembe zake si pembe mraba. Angalia neno hilo "lakini". Kwa Euclid mraba haukuwa rombasi. Aliwatenga ndugu hao kabisa, huyu chumba chake na yule chumba chake. Jina rombasi lenyewe Wagiriki walilitumia kwa kitu cha kuzungusha: kibao kilichofungwa uzi ambacho mtu akikizungusha hewani kinavuma.

Hisabati ya siku hizi imeuondoa ukuta huo. Sasa tunasema rombasi ni umbo la pande nne ambalo pande zake zote ni sawa, tukaishia hapo. Sababu ni ya kiutendaji. Yote yanayothibitishwa juu ya rombasi, kama vile mishazari kukatana kwa pembe mraba, ni kweli kwa mraba pia. Hapakuwa na haja ya kuyathibitisha mara mbili. Lakini kuna faida nyingine, nayo ndiyo inayotuhusu. Ukiutenga mraba na rombasi, utadhani ni vitu viwili visivyofanana, na kwamba shamba la pande sawa ni mraba mpaka mtu akuonyeshe vingine. Ukiwaweka pamoja unaona mara moja kwamba mtu aliyetaja pande nne sawa amekubaliana juu ya rombasi. Mraba ni hali moja tu kati ya hali nyingi za rombasi, na ni lazima itajwe.

Kwamba watu walidhulumiana kwa tundu hili si dhana. Proclus, mwanafalsafa aliyefundisha Athens katika karne ya 5 baada ya Kristo, aliandika ufafanuzi wa kitabu cha kwanza cha Euclid. Humo ameeleza habari za watu waliogawana ardhi na wenzao. Waliwapa wenzao vipande vyenye mzunguko mrefu lakini eneo dogo, wao wakachukua vyenye mzunguko mfupi na eneo kubwa. Wakavuna zaidi ya haki yao, na juu ya hayo wakasifiwa kwa uaminifu, kwa sababu kila aliyetembea kando ya mipaka aliona wenzao wamepewa ndefu. Kumdhulumu mtu naye akakushukuru, hilo laweza kutokea pale tu ambapo mpimaji anajua hesabu na mpimiwa haijui.

Dawa nayo ni ya zamani. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra, akieleza kwamba ni cha kuwasaidia watu katika mambo ya mirathi, biashara, kugawana na kupima ardhi, na kuchimba mifereji. Katika sura ya vipimo ametoa mfano wa rombasi ambayo kila upande ni 5, mshazari mmoja ni 8 na wa pili ni 6. Zidisha mshazari mmoja kwa nusu ya mwingine, amesema, unapata 24. Mwandishi wa Edfu angesema 25, yaani tano kwa tano. Al-Khwarizmi anasema 24, kwa kuwa yeye amevuka katikati ya umbo, hakuishia kulizunguka.

Kiswahili kimerithi sehemu ya elimu hiyo kupitia maneno. Mraba na mstatili ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu. Neno la Kiarabu la rombasi, muayyan, halikushika huku kwetu kama jina la umbo. Msambamba tumelitoa kwenye neno letu wenyewe, sambamba. Wacheza karata walikuwa na jina lao: ile alama nyekundu yenye ncha nne wanaiita uru, neno lililotoka kwa Wareno. Rombasi ni neno la Kigiriki lililotufikia kupitia Kiingereza, likavaa nguo za Kiswahili.

Na Ufipa je? Katika uwanda ule wa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, zilikuwako falme za Nkansi na Lyangalile, na watu wake hawakuwa wageni wa ufundi. Waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na walifuma nguo za pamba. Mfumaji anajua bila kuambiwa kwamba mtande na mshindio vikikaa wima kitambaa ni mraba mraba, na ukikivuta kwa mshazari kila kijitundu kinakuwa rombasi. Lakini shamba la asili la Mfipa halikuwa na kona za kubishaniwa. Mkulima alikusanya nyasi, akazifunika kwa udongo, akafanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi ziliozea ndani zikawa mbolea, maharage yakapandwa juu, na baadaye matuta yalitawanywa ili kupanda ulezi. Tuta la mviringo halina pembe, wala halihitaji hatua sabini.

Ekari ilikuja na wakoloni wa Kiingereza, ikapata nguvu pale ardhi ilipoanza kuingia katika hesabu za fedha. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na katika miaka iliyofuata ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mbegu ikaelezwa kwa ekari, mbolea kwa ekari, kulima kwa plau ya ng'ombe au kwa trekta kukalipwa kwa ekari, na kukodi kukawa kwa ekari. Neno moja likabeba fedha zote za msimu. Kwa bahati mbaya, kilichoenea vijijini ni urefu wa pande tu. Habari ya pembe ilibaki kwa wapima ardhi.

Tazama basi mtu anavyoumia. Aliyekodi shamba lililolala amelipa ekari nzima akapata pungufu. Akimwita mwenye ng'ombe wa kulimia, naye anadai malipo ya ekari nzima. Akienda kununua mbolea, ananunua ya ekari nzima. Siku ya mavuno anahesabu magunia, anaona yamepungua, analaumu mvua, analaumu mbegu, pengine analaumu jirani. Haimjii akilini kwamba mara tatu amelipia ardhi ambayo haikuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandika pande nne na kusahau pembe.

Tusimsingizie kila mwenye shamba kuwa ni mwizi. Mara nyingi kilicholaza shamba ni njia ya ng'ombe inayokatisha, kijito, kichuguu, au mteremko wa kilima. Na shamba lililolala kidogo hupoteza kidogo tu. Rombasi ya hatua 70 ambayo mshazari wake mrefu ni hatua 110 inapungukiwa na hatua za mraba zisizofika 150, hasara ambayo majirani wanaweza kusameheana. Hasara kubwa ni pale shamba linapokuwa limebanwa kama samaki, refu kwa mshazari mmoja na jembamba kwa mwingine. Lakini utajuaje limelala kiasi gani kama hukulivuka?

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa tunayo tayari, ila tunaitumia mahali pengine. Mwangalie fundi anayeanza msingi wa nyumba. Akishatandaza kamba zake nne, hachimbi. Atapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha aone kama ncha hizo mbili zimeachana futi 5, ili ajue kona imekaa skwea. Halafu atavuta kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili, aone kama mishazari imelingana. Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2014, aliandika juu ya wajenzi wa vijijini nchini humo. Wanalaza chini fito mbili ndefu zilizo sawa na mbili fupi zilizo sawa, wanaunganisha ncha, kisha wanazisogeza mpaka kamba iliyopimwa kwenye mshazari mmoja ilingane na mshazari wa pili. Hapo ndipo msambamba unapokuwa mstatili. Hakuna aliyewafundisha kwa chaki. Mtu yule yule anayekataa nyumba yake isimame juu ya rombasi anakubali shamba lake likae juu ya rombasi, kwa sababu ukuta ulioinama unaonekana kwa macho, na mahindi yakishaota hayaonyeshi kona.

Shule nazo zina sehemu yao. Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, mtoto wa Ufipa amekuwa akijifunza maumbo kwa lugha anayoielewa. Mwaka huo huo sheria iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Ni hatua kubwa, na vizazi vingi vimefaidika nayo. Lakini jina kwa Kiswahili halitoshi kama maana yake inabaki kuwa picha. Mtoto anayechorewa rombasi daima imesimama kwa ncha, na mraba daima umekaa kitako, anajifunza kutambua mkao, si umbo. Uzungushe mraba usimame kwa kona, atakuambia umekuwa rombasi. Naye atapewa kosa, ingawa jibu lake ni kweli kwa sababu ambayo yeye mwenyewe haijui. Baadaye anakwenda sekondari, anaanza kuyakariri maumbo yale yale kwa Kiingereza, na shamba la baba yake halijawahi kutajwa.

Shule nyingi za vijijini zina uwanja au shamba. Mwalimu akichukua mambo manne, kamba moja ndefu na darasa lake, akawaambia watoto waweke pande nne za hatua 20 kisha wailaze kona, somo hilo halitasahaulika. Watoto watembee mzunguko, waone ni hatua 80. Watembee mishazari, waone mmoja unarefuka na mwingine unafupika. Wazidishe, wagawanye kwa mbili, waone eneo linavyokimbia. Jioni watalipeleka somo hilo nyumbani, na pengine ndipo litakapofanya kazi yake kubwa.

Kwa mkulima mwenyewe, kanuni ni fupi. Ukishatembea hatua 70 mara nne, usitoe fedha. Vuka shamba kutoka kona hadi kona, kisha vuka kona hizo nyingine mbili, kwa hatua zile zile. Mishazari yote miwili ikiwa hatua 99, huo ni mraba, ekari yako imetimia. Ikitofautiana, na pande ni sawa kweli, zidisha mshazari kwa mshazari, kisha gawanya kwa mbili. Ukipata mshazari mmoja hatua 121 na mwingine 70, eneo ni 4,235. Shamba limepungua hatua za mraba 665, zaidi ya sehemu moja katika nane. Hapo zungumzeni bei upya, kwa upole, majirani kwa majirani. Kama pande hazilingani, kanuni hiyo isitumike. Ligawe shamba kwa mshazari mmoja liwe pembetatu mbili, na kila pembetatu ipimwe kitako na kimo chake.

Wapo watakaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi simu ya mkononi inaweza kupima shamba kwa satelaiti, na kwamba tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mtu anaweza kupata hatimiliki ya kimila yenye mipaka iliyoandikwa. Ni kweli, na vyote hivyo ni vyema. Lakini shamba la kukodi msimu mmoja halimngoji mpima ardhi, na wengi bado wanalipima kwa miguu. Miguu ile ile iliyozunguka shamba inaweza kulivuka. Ni hatua 198 zaidi, yaani dakika chache.

Maana ya neno, ndugu msikilizaji, si pambo la kitabu. Maana ni makubaliano juu ya kilichomo na kisichokuwemo. Msimu ujao mtu akikuambia "sabini kwa sabini", mjibu kwa heshima: sawa mzee, na tisini na tisa kwa tisini na tisa. Akikuuliza hizo zimetoka wapi, mwoneshe njiti nne za kiberiti.